Kilimo hai Nyanda za Juu Kusini: soko linauliza cheti, sera inajibu mboji

#1 ChaiNaNdizi (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Wa Rungwe na Kyela mugonile, wa Iringa na Njombe kamwene.

Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, leo nalitua. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi huku Rungwe, upande wa juu ambako migomba, chai na parachichi vinagombania mteremko mmoja. Si mtaalamu. Ninachojua nimekipata kwa kushika vitabu vya mashamba, kubishana na wakaguzi, na kupokea simu za wanachama saa nne usiku wakiuliza hela yao iko wapi.

Hoja yangu ni fupi. Serikali ikisema kilimo hai, yaani kilimo bila mbolea wala dawa za viwandani, inaita semina na kutufundisha kulundika mboji. Mnunuzi akisema kilimo hai, anauliza karatasi: cheti cha nani, kimetolewa na nani, mzigo tani ngapi, na mwingine lini. Hawa wawili hawazungumzi kitu kimoja, na mkulima amesimama katikati na jembe lake.

Miaka kadhaa nyuma alikuja mnunuzi. Simtaji. Alikuja na bwana shamba wake na maneno matamu: tuache dawa za dukani, yeye atalipia ukaguzi, na kila kilo ya parachichi hai ataiongezea bei juu ya bei ya kawaida. Tukakubali. Tukachora ramani za mashamba, tukahesabu miti, kila mkulima akafunguliwa kitabu: umeweka nini, lini, umekitoa wapi. Kufyeka tulifyeka kwa mkono wakati jirani anapiga dawa ya magugu asubuhi na saa sita yuko kijiweni anacheza bao. Na parachichi ni mti wa kudumu. Kwa kanuni za Ulaya unakaa miaka mitatu ya mpito kabla tunda lako halijaitwa hai. Miaka mitatu unahenyeka kama mkulima hai na unauza kama mkulima yeyote.

Cheti kilipotoka nilikipiga picha nikairusha kwenye kundi la WhatsApp, watu wakashangilia. Hakuna aliyesoma jina la juu. Lilikuwa la kampuni. Sisi tulikuwa kiambatisho, majina kwenye kurasa za nyuma. Misimu miwili baadaye mnunuzi akapata matatizo yake huko, hakurudi. Tukapata mwingine, akauliza, mna cheti? Tunacho. Cha nani? Hapo ndipo tulipojua kwamba miaka mitatu ya kung'oa magugu kwa mkono ilikuwa mali ya mtu mwingine. Parachichi zikaenda kwa dalali, bei ileile ya jirani yangu wa dawa ya magugu. Alinicheka, na alikuwa na haki.

Sasa sikilizeni kilichobadilika. Umoja wa Ulaya una kanuni ya bidhaa hai namba 2018/848. Kwao ilianza kutumika Januari 2022, na kwa sisi wa nje utaratibu wa zamani ulifika kikomo mwisho wa 2024. Zamani ilitosha viwango unavyofuata vilingane na vyao. Sasa unafuata vyao vyenyewe, neno kwa neno. Kundi la wakulima lisizidi watu 2,000. Lisajiliwe kisheria kwa jina lake. Wanachama wawe wakulima wenyewe, tena wadogo, kwa kawaida shamba lisilozidi hekta 5. Kila mwaka mkaguzi wa nje awarudie angalau asilimia 5 ya wanachama, wasipungue kumi, na sampuli za maabara zichukuliwe kwa angalau asilimia 2.

Wasafirishaji wengi wamelia. Mimi naona mlango. Kampuni haiwezi tena kutubeba kama orodha ya kurasa za nyuma, cheti kinatakiwa kiwe cha kundi. Na chombo cha wakulima wadogo kilichosajiliwa kisheria huku kwetu tunakijua kwa jina. AMCOS, chama chetu cha ushirika wa mazao.

Ila AMCOS itatoa wapi hela ya mkaguzi, ya karani wa kumbukumbu, ya vipimo, kwa miaka mitatu kabla haijaonja hata shilingi moja ya nyongeza? Hapo ndipo ninapoitafuta sera, siioni.

Msiniambie sera haipo. Ipo. Sera ya Taifa ya Kilimo ya 2013 inakitaja kilimo hai. Novemba 2023 ulizinduliwa mkakati mzima wa taifa wa kilimo ikolojia hai, wa 2023 hadi 2030. Afrika Mashariki tuna kiwango chetu tangu 2007, na alama ya Kilimo Hai ya kubandika kwenye bidhaa. Karatasi tunazo. Fuateni hela. Agosti 8, 2022 pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, Rais Samia alizindua ruzuku ya mbolea. Nilikuwepo, nilipiga makofi, na mahindi yangu yalifaidi. Lakini ruzuku ile sehemu kubwa imepanda kwenye mfuko wa mbolea ya kiwandani. Aliyeamua kutoutumia kwa sababu soko lake linamkataza, fungu lake limeenda wapi?

Pendekezo langu: namba ileile ya usajili wa ruzuku itumike. Anayetaka mfuko achukue mfuko. Anayetaka cheti, thamani ya mifuko yake iende AMCOS, ilipe ukaguzi kwa ile miaka mitatu ya mpito. Mwaka wa nne soko litulipe au tuache.

Karibuni mnipige mawe.

#2 msomajikimya

Nimeweka kigoda. Endeleeni.

#3 MwanaMbozi

Mleta mada unaandika vizuri ila una miti ya parachichi ndiyo maana. Sisi wa mahindi tukikusikiliza nchi italala njaa.

Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Samadi yetu hii iliyokaa zizini inapigwa mvua, ukipata asilimia 1 shukuru Mungu. Kilo 23 hizo unazitafuta kwenye zaidi ya tani mbili za samadi. Mkokoteni wa ng'ombe nusu tani, basi ni safari nne au tano kwa mfuko mmoja, na mahindi hayaipati yote msimu ule wa kwanza. Mtu mwenye ekari tano na ng'ombe wawili afanyeje? Akaazime kinyesi Tunduma?

Halafu kuna watu wanapenda kutuletea haya mambo kwa amri. Sri Lanka 2021 rais wao alipiga marufuku kuingiza mbolea za viwandani, nchi nzima iwe hai kwa mara moja. Mpunga ukaanguka, chai ikaanguka, na kabla mwaka haujaisha walianza kurudi nyuma. Na wale wana chai kama ya Rungwe na Mufindi. Sitaki kuwa darasa la mtu.

#4 bwanashamba_mstaafu

Vijana, shikamooni hamtoi siku hizi?

Nimezunguka kata za Mbeya, Ileje na Mbinga zaidi ya miaka thelathini, kwa baiskeli, baadaye pikipiki. Nijibu kwanza kijana wa Mbozi. Hesabu yako ya samadi iko sawa. Mahindi ya gunia ishirini kwa ekari hayalimwi kwa samadi ya ng'ombe wawili, na anayemwambia mkulima wa mahindi aache urea wakati hajamwonyesha mnunuzi wa mahindi hai anamdanganya. Lakini mleta mada hakusema hivyo. Soma tena.

Kuna mambo mawili watu wanayachanganya. Lipo shamba ambalo halina dawa wala mbolea kwa sababu mwenyewe hana hela. Hilo naliita hai kwa kukosa. Udongo unachoka, mavuno yanashuka, mwisho anahama bonde. Na lipo shamba hai kwa kazi: unazungusha mazao, unapanda marejea, mmea wa kurutubisha udongo, unayageuzia chini, unachanganya maharage na mbaazi, unarudisha mabua badala ya kuyachoma. Kiwango kinadai hili la pili. Mkaguzi akikuta umekaa tu bila kuulisha udongo, umaskini wako peke yake haukupi cheti.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Nendeni Mbinga muone ngoro za Wamatengo: majani yanalazwa miraba miraba, udongo unafunikwa juu, mashimo yanabaki katikati yanashika maji kwenye mlima ambao hata mbuzi anauogopa. Hakuna aliyewafundisha semina.

Sasa kwenye sera, mimi ningeongeza vitu ambavyo mleta mada hakuvigusa. Udongo wetu mwingi huku ni wenye tindikali. Chokaa ipo hapo Songwe, inaruhusiwa kwenye kilimo hai, na inamfaa pia mwenye urea kwa sababu udongo mchachu unazuia mmea usile hata ulichouwekea. Fosfati ghafi ya Minjingu nayo inaruhusiwa. Hivyo ndivyo vya kuwekewa ruzuku, vinawafaa wote wawili. Pili, mbegu na miche. Kahawa inayopigwa na chulebuni na kutu ya majani huwezi kuilima hai bila jasho la damu. Miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, inayostahimili magonjwa hayo mawili, na kituo chao kipo Mbimba hapo Mbozi, ndiyo sera ya kilimo hai hata kama haikuandikwa hivyo. Viazi ni kesi ngumu zaidi. Ukungu wa Umalila ukishuka unahitaji dawa yenye shaba, na Ulaya wenyewe wameipimia: isizidi kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka saba.

Jingine ni mtego. Madukani siku hizi kuna mifuko imeandikwa ya asili, ndani ni samadi iliyochanganywa na mbolea ya madini ya kiwandani. Kwa mkulima wa kawaida ni mbolea nzuri tu. Kwa mwenye cheti ni kosa, na hakujua. Hakuna sheria ngumu hapa, ni kuamuru mfuko useme kwa Kiswahili kikubwa: inafaa au haifai kwa kilimo hai.

#5 ChaiNaNdizi

Shikamoo mzee. Hilo la mfuko limenigusa pabaya, nitarudi kulisema.

#6 KyelaKwetu

Ndaga mleta mada. Mimi niko kwenye kakao.

Kyela tulianza kuuza kakao hai kabla wengi hapa hawajalisikia hilo neno. Mvua nyingi, udongo mzuri, watu hawakuwa na mazoea ya dawa, kwa hiyo kuhamia hai hakukuwa safari ndefu. Kazi kubwa ilikuwa kuchachusha na kukausha vizuri. Wanunuzi walikuja wenyewe, walijenga vituo, walifundisha.

Kisha ukaja mfumo wa stakabadhi ghalani na mnada. Sisemi ni mbaya. Dalali wa kununua kakao mbichi kwenye mti, kabla haijaiva, sisi tunamwita mnunuzi wa njaa, alipata pigo na nilifurahi. Lakini fikiria ghala. Kakao hai na kakao isiyo hai zikiingia mlango mmoja, zikapimwa mzani mmoja, zikalala sakafu moja, hai imekufa. Mkaguzi hana habari na moyo wako safi. Anataka gunia lenye alama yake, karani aliyeandika, sakafu tofauti na mnada wenye kapu lake. Kama chama chako kinaelewa hilo, mnapona. Kama karani anasema kakao ni kakao, ndugu yangu...

Lingine hamtalipenda. Mwaka 2024 kakao ilipovuka dola 10,000 kwa tani kwenye masoko ya dunia, hakuna mtu huku aliyeuliza nyongeza ya hai. Bei ya kawaida ilikuwa inatisha yenyewe. Vijana walikuwa wanalala shambani na mapanga kulinda matunda. Watu wakaanza kuona vitabu vya ukaguzi ni usumbufu. Sasa bei ikishuka wanataka warudi kwenye hai, na mpito unakusubiri mlangoni. Kwa hiyo hiyo ruzuku yako ya cheti ikija, isitolewe wakati bei mbaya tu. Bei ikiwa nzuri ndipo watu wanapotoroka.

#7 DalaliMakambako

Madalali tunatukanwa kila uzi, leo nijitetee.

Mwaka juzi alinipigia mtu wa Dar anatafuta viazi hai na karoti hai kwa ajili ya duka moja la wenye hela. Nikasema ngoja. Nimezunguka Njombe, Makete, mpaka Uyole. Wakulima wapo, wazuri. Mmoja ana magunia manne, mwingine saba, mwingine anasema njoo mwezi ujao. Viazi ukubwa tofauti. Wanataka nipakie lumbesa kama tulivyozoea, na yule wa duka anataka mifuko ya kilo kumi kumi iliyopimwa. Fuso ikienda na magunia kumi na moja mafuta yanakula faida yote. Nikamrudishia hela yake.

Mnaandika cheti, cheti. Mimi nasema mzigo. Soko linaweza kusubiri cheti, haliwezi kusubiri rafu tupu. Kama serikali ina hela ya kutupa, iweke kituo cha kukusanyia pale Makambako, barabara zinakutana na reli ya TAZARA inapita, kiwe na mzani, chumba cha baridi na mahali pa kupanga madaraja. Atakayekuja na hai aje, atakayekuja na ya kawaida aje, ila milango miwili kama alivyosema wa Kyela.

#8 mamaG_Iringa

Nyie wote mnawaza Ulaya. Mimi nina mgahawa na napeleka mboga kwenye loji mbili za watalii wanaoenda Ruaha.

Ukipita barabarani Ilula unaona matenga ya nyanya, nyingine zina unga mweupe bado. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna, imeandikwa kwenye chupa kwa maandishi ya chungu. Bei ikipanda leo, nani anasubiri? Simlaumu mkulima, nimelima nyanya, najua mvua ya siku tatu inavyokunyang'anya shamba. Ila mimi nina wateja wanaouliza, na si wazungu tu. Kuna akina mama wa hapahapa mjini wenye watoto wadogo, kuna watu wenye presha na sukari, wanauliza mboga hii imepigwa nini?

Nina wamama sita wananiletea, nawajua bustani zao, nakwenda mwenyewe kuona. Tunakaguana. Mmoja alikamatwa na wenzake ana chupa ya dawa nyuma ya choo, walimsimamisha miezi mitatu, hakuna kampuni ya ukaguzi ingeijua hiyo chupa. Nikaambiwa hiki tunachofanya kina jina, ukaguzi shirikishi, na kwa soko la ndani wapo wanaotumia ile alama ya Kilimo Hai kwa njia hii. Gharama yake ni daftari na chai ya mkutano. Sasa kwa nini halmashauri isiwe na mtu mmoja tu wa kukutambua, akupe namba, akupangie meza yako sokoni? Mwanjelwa au soko kuu la Iringa, meza kumi tu zenye kibao. Mnatafuta yuro wakati mteja yuko mlangoni.

#9 MnyaluUgaibuni

Kamwene mama G. Naishi Denmark mwaka wa kumi na tatu sasa, nimeoa huku, na naomba niongeze kwa sababu ulichosema ndicho walichofanya hawa.

Walikuwa na sheria ya kilimo hai tangu 1987, na alama nyekundu yenye herufi Ø inayosimamiwa na serikali yenyewe. Lakini kilichonishangaza ni majiko. Mji wa Copenhagen ulijiwekea lengo kwamba majiko yake ya umma, chekechea, nyumba za wazee, yafikie asilimia 90 ya chakula hai, na wamefika karibu kabisa na hapo. Hawakuongeza bajeti ya chakula. Waliwafundisha wapishi: punguzeni nyama, punguzeni kutupa, pikeni cha msimu. Akiba ile ikalipa tofauti ya bei. Kwa hiyo mkulima akajua kabla hajapanda kwamba kuna mlaji ambaye hatahama. Majiko na mikahawa wanapewa alama ya shaba, fedha au dhahabu kulingana na kiasi cha chakula hai wanachonunua. Wapishi wanashindana kama timu.

Hiyo ndiyo naona sera inayofuata soko. Serikali inageuka mnunuzi.

#10 MwanaMbozi

Kaka wa ugaibuni, jiko la umma la wapi? Shule ya mwanangu jiko la umma ni mimi. Naambiwa nipeleke debe la mahindi na maharage sado mbili, kuni juu yangu. Sasa halmashauri itaagiza mahindi hai kutoka kwangu, nijiuzie mwenyewe?

#11 MnyaluUgaibuni

Hahaha umenipiga, nakubali. Shule za msingi za kutwa hapana. Lakini vyuo, hospitali za mikoa, magereza, shule za bweni, wale wana zabuni ya chakula. Anza na mboga na matunda peke yake. Kigezo kimoja ndani ya zabuni: sehemu ya mboga itoke kwa kikundi kilichotambuliwa na halmashauri. Uzuri wa mboga ni kwamba haisafiri mbali, kwa hiyo mshindi atakuwa jirani.

#12 DalaliMakambako

Zabuni inalipa baada ya miezi mangapi? Mama wa mchicha anataka hela jioni hii.

#13 mamaG_Iringa

Hapo dalali umesema kweli, na inaniuma kukubali.

#14 umalila_juu

Natoka nje ya mada kidogo wakuu. Huku kwetu tunalima pareto. Maua tunayachuma, tunayakausha, yanakwenda kiwandani Mafinga, yanatolewa sumu yake ya asili, inasafiri nje. Wenzetu kule wanaitumia, na kwenye kilimo hai inaruhusiwa. Sisi tukimaliza kuuza pareto tunaingia dukani kununua chupa ya dawa ya kiwandani ya kupulizia kabichi. Mzee bwana shamba hebu nieleze, hii ni akili gani?

#15 bwanashamba_mstaafu

Mwanangu, ni akili ya soko bila sera. Dawa ya pareto iliyotengenezwa vizuri ni ghali, jua linaiua haraka, na wauzaji wa pembejeo wanaweka rafuni kinachotoka haraka. Kusaga maua nyumbani unaweza, inasaidia wadudu wa ghalani na wa mboga, ila nguvu yake huipimi. Kama kuna kitu kimoja ambacho Nyanda za Juu Kusini ingepaswa kuwa nacho rafuni kwa bei ya ruzuku, kisajiliwe, kiwe kwenye chupa ndogo ya mkulima mdogo, ni hicho. Zao letu, kiwanda kiko humuhumu, na mnunuzi wa mboga hai anaikubali. Nimeshalisema hili kwenye vikao nikiwa kazini. Niliambiwa liandikwe kwenye mengineyo.

#16 ChaiNaNdizi

Nimesoma zote. Naanza na lile la mfuko nililoahidi.

Baada ya yule mnunuzi kuondoka hatukukata tamaa, tuliandaa wenyewe ukaguzi wa ndani. Mwanachama mmoja, mtu mzima, mcha Mungu, alinunua mfuko ule ule anaousema mzee, umeandikwa asili kwa herufi za kijani. Akaweka kwenye miti arobaini. Akaandika kitabuni kwa uaminifu kabisa, na ndiyo maana tulimgundua. Shamba lake likarudi mwaka wa kwanza wa mpito. Nilimpelekea habari mwenyewe. Hakugomba. Aliuliza tu: katibu, ningeandika uongo ningekuwa salama? Sikuwa na la kumjibu, tukanywa chai.

Mwingine hakutumia kitu, jirani ndiye alipiga dawa ya magugu upepo ukiwa unavuka mpaka. Hili halihitaji Dodoma. Serikali ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo: mita kadhaa za kuacha mpakani, taarifa kabla ya kupiga, hakuna kupiga upepo ukivuma. Kwenye kijiji chetu tumelipeleka mkutano mkuu mara mbili. Mara ya kwanza akidi haikutimia, mara ya pili lilizimwa na ajenda ya josho.

MwanaMbozi, nakuachia mahindi yako. Sikusudii mkoa mzima uwe hai, na Sri Lanka usiniletee, sijamwamuru mtu. Nataka mazao ambayo tayari yana mnunuzi anayeuliza: kahawa, kakao, parachichi, mboga za akina mama G. Soko la dunia la bidhaa hai linapita yuro bilioni 130 kwa mwaka, Marekani na Ujerumani wakiongoza, na halijaja kuomba mahindi ya Vwawa. Kwa hiyo chokaa na Minjingu iwe ya wote, cheti kiwe cha anayekitaka.

Dalali, kuhusu mzigo umenishinda. Niliandika cheti kwa sababu kidonda changu kiko pale. Kundi la watu wachache lenye cheti na magunia kumi na moja bado ni magunia kumi na moja. Labda ndiyo maana kanuni ya 2,000 haitutishi, tuko mbali sana na huo ukomo. AMCOS tatu za jirani zikiungana kwenye parachichi tunajaza kontena, ila kila moja ina mwenyekiti, na kila mwenyekiti ana kiti.

Mama G, hiyo meza yenye kibao nitaiiba niipeleke kwa diwani wetu. Alhamisi ana kikao cha kata.

#17 KyelaKwetu

Ukienda kwa diwani usianze na neno sera. Anza na ushuru. Mwambie bidhaa yenye bei kubwa ushuru wake ni mkubwa. Utapewa kiti cha mbele.

#18 MwanaMbozi

Kwenye mahindi sijabadili msimamo, iandikwe hivyo. Ila nina swali. Nina ekari mbili za kahawa Igamba, aliacha marehemu baba, chini ya migomba na miti ya kivuli. Sijawahi kupiga dawa yoyote pale, kwanza nilikuwa nimeitelekeza. Nimeanza kuikata mwaka jana. Hiyo miaka mitatu inahesabiwa tangu lini? Tangu nilipoacha dawa au tangu wakaguzi wanijue?

#19 bwanashamba_mstaafu

Kwa kawaida tangu uandikishwe na kuwekwa chini ya ukaguzi. Unaweza kuomba miaka ya nyuma itambuliwe, lakini lazima uthibitishe kwamba shamba halikuwekewa kitu. Mkaguzi atachunguza, atataka vielelezo, wakati mwingine na kipimo cha maabara.

#20 MwanaMbozi

Vielelezo gani mzee? Nitaonyesha risiti za dawa ambazo sikununua?

#21 ChaiNaNdizi

Ndiyo hapo sasa. Majirani, serikali ya kijiji, afisa ugani wa kata, waandike na kugonga muhuri. Na kuanzia kesho andika kila kitu: umepogoa lini, samadi umeitoa kwa nani, nani alikusaidia kuchuma.

#22 MwanaMbozi

Daftari la kawaida linatosha au kuna fomu?

#23 ChaiNaNdizi

Linatosha. Chukua lenye kurasa nyingi, jalada gumu, panya wa kibanda chako wasilimalize. Na mvua pia uiandike.